Kigego Barazani: Kusoma Habari za Wakilindi Korogwe na Handeni

Yako mazoea miongoni mwetu sisi tunaofundisha fasihi, nayo ni kudhani kuwa falsafa hukaa vyuoni, na kwamba nje ya vyuo hupatikana methali tu. Mazoea hayo nilikuwa nayo mimi pia. Nayaungama mwanzoni mwa makala haya kwa sababu hukumu nitakayoitoa juu ya vitabu viwili mashuhuri vya lugha yetu sikuipata maktabani. Niliipata katika baraza la watu kumi na wawili, ambao wengi wao hawajapata kukanyaga chuo, wakutanao mara moja kwa mwezi, mwezi mmoja Korogwe na mwezi wa pili Handeni.

Niliingia barazani humo kwa mwaliko wa mwalimu mmoja mstaafu aliyenifundisha nilipokuwa mtoto. Aliniambia, "Njoo utusikilize, mwanangu. Ukiona tunapotea, utatuonyesha njia." Nilikwenda kwa nia hasa ya kuonyesha njia. Korogwe hukutana uwani kwa fundi cherahani, si mbali na reli ile iliyofika hapo kutoka Tanga mwaka 1902. Handeni hukaa chini ya mwembe, upande wa Chanika. Wamo fundi mwenyewe, karani mstaafu wa shamba la mkonge, mkunga mstaafu, mwalimu wa madrasa, mwinjilisti, kijana auzaye machungwa huko Michungwani, na wazee kadha wa kadha waliomaliza nguvu zao katika mashamba. Kabila zao ni nyingi, na sababu yake ni mkonge. Mmea huo ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 uliwavuta watu wa kila upande wa nchi, hata mjini Korogwe Kiswahili kikawa ndiyo lugha pekee ambayo mtu angeweza kubishana na jirani yake kwayo.

Kanuni zao ni tatu. Ya kwanza, hakuna anenaye mara ya pili kabla kila aliyehudhuria hajapewa nafasi ya kunena mara ya kwanza, japo aseme kwamba hana la kusema. Ya pili, atakaye kumpinga mwenziwe sharti kwanza ayarudie maneno ya mwenziwe, mpaka mwenyewe akiri, "Naam, hayo ndiyo niliyosema." Ya tatu, mwenyekiti hafungi mjadala kwa hukumu, hufunga kwa kulitaja swali lililobaki. Kanuni ya pili ndiyo iliyonitaabisha. Katika kikao changu cha kwanza nilijaribu mara tatu kuirudia hoja ya yule kijana wa machungwa kabla ya kuipinga, na mara tatu akaniambia kwa adabu, "Hapana, Mwalimu, sivyo nilivyosema." Nikatambua kuwa kwa miaka mingi nimekuwa nikizishinda hoja ambazo hazikusemwa na mtu.

Nilipouliza kanuni hizi zimetoka wapi, mwenyekiti alinieleza habari ya mwaka 1973. Mwaka huo ilifanyika kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 nchini walikaa vikundi vikundi kusikiliza na kujadiliana. Yeye alikuwa kijana, akawa kiongozi wa kikundi kimoja. Walipewa kitabu, redio ikatoa somo, wakazungumza, kisha wakaazimia kuchimba vyoo na kufyeka majani. "Jibu lilikuwa limeandikwa kitabuni kabla sisi hatujakaa," alisema, "nalo lilikuwa jibu jema, kwa maana vyoo vilichimbwa. Lakini mimi nilikupenda kule kukaa kuliko lile jibu."

Maneno hayo yanatufikisha kwenye fasihi, kwa kuwa swali nililokwenda nalo Korogwe lilikuwa hili: Je, fasihi ya Kiswahili inajua kujadiliana, ama inajua kufundisha tu? Tazama ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 utanzu huu ulipata nguvu kubwa, na vitabu viwili vya Mathias Mnyampala, Ngonjera za UKUTA, vilivyotoka mwaka 1970 na 1971, viliingia shuleni kote. Katika ngonjera watu wawili au zaidi hupokezana beti. Mmoja yumo gizani, mwingine yumo nuruni. Aliye gizani huuliza, huhoji, hata hukaidi, lakini msikilizaji ajua tangu ubeti wa kwanza kuwa mwisho atakiri. Ni majibizano mazuri kwa sikio. Mjadala si mjadala, kwa sababu mmoja wa wasemaji ameumbwa ili ashindwe.

Shitaka hilohilo nilitaka kulipeleka kwa Shaaban Robert, na kitabu nilichokichagua ni Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Msomaji atakumbuka kisa chake. Katika nchi hiyo inayoelea angani, Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Karama anapewa nafasi ya kujitetea, naye ajitetea siku sita kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu, mbinguni na ardhini, wakarudi na manufaa makubwa kwa ajili ya nchi yao, na malipo yao yakawa kifungo. Mwisho wafungwa wanafunguliwa, na Karama anashinda. Nilisoma mbele ya baraza hoja yangu kwamba hiki ni kitabu cha falsafa kisichokuwa na mjadala. Siku sita asema mtu mmoja. Mshitaki wake, baada ya kushitaki, hana hoja ya maana. Kweli imeshinda, lakini imeshinda bila ya kupigana na yeyote.

Aliyesimama kunijibu ni karani wa mkonge. Kwanza aliyarudia maneno yangu, na aliyarudia vizuri kuliko nilivyoyasema mimi. Kisha akasema: "Mwalimu, Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, na mimi nilikuwa karani wa shamba. Karani huandika maneno ya watu wengine maisha yake yote. Hujua nani husikilizwa na nani hukatizwa. Wewe umehesabu siku sita za Karama kuwa ni kasoro, kwa sababu mshitaki amenyamaza. Mimi nimezihesabu kuwa ndiyo ajabu ya kitabu. Mwaka 1951 ni nani katika sisi aliyepata kusema siku sita mbele ya wakubwa, nao wakubwa wamekaa kimya wanamsikiliza? Hakuna aliyepata siku sita. Hakuna aliyepata dakika sita."

Hoja hii nimeifikiri sana, nami naikubali kwa sehemu yake kubwa. Nilikuwa nimelisoma umbo la kitabu kama kwamba umbo halina wakati wake. Katika nchi ambayo ruhusa ya kusema ndiyo yenyewe inayogombewa, kumpa mshitakiwa siku sita za kusema si kuuepuka mjadala. Ni kulidai sharti la kwanza la mjadala. Walakini nilibaki na shaka ambayo sikuweza kuitaja vizuri siku ile. Niliona kuna jambo jingine katika utetezi wa Karama lisilokaa sawa. Jina la jambo hilo nililipata mwezi uliofuata, Handeni, katika kitabu kingine kabisa.

Kitabu hicho ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy. Ni kitabu cha nyumbani kwa watu wa baraza hili. Kilipigwa chapa mara ya kwanza, sehemu baada ya sehemu, katika mitambo ya misheni ya Magila, Bondei, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kikatolewa tena mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Wanahistoria wamekitumia sana. Wahakiki wa fasihi wamekipita kama wasafiri wapitao kijiji kisichokuwa na hoteli. Nadhani ni hasara yetu.

Mwanzo wa kisa ni huu. Mbega alizaliwa Ngulu, katika vilima ambavyo siku hizi vimo katika wilaya ya Kilindi, iliyokatwa kutoka Handeni mwaka 2002. Meno yake ya juu yaliota kwanza, akawa kigego. Kwa mila za watu wengi wa sehemu hizi, kigego alihesabiwa kuwa ni mkosi, naye aghalabu hakuachwa aishi. Wazazi wa Mbega hawakumwua. Walipokwisha kufa, jamaa walimnyima urithi wakautaja ukigego wake. Akaondoka kwao akaenda Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkuu wa huko, na mtoto huyo akafa katika windo la nguruwe. Mbega akakimbia na mbwa wake, akaingia Usambara. Huko aliwagawia watu nyama, wao wakampa chakula cha mashamba. Aliwaamulia kesi zao. Na njiani kwenda Vuga aliua simba, akaitwa Simba Mwene. Watu wa Vuga wakamfanya mtawala wao, na kizazi chake ndicho Wakilindi.

Nilikieleza kisa hiki barazani, kisha nikatoa hukumu yangu. Nilisema kwamba hapa mwandishi ametumia kejeli ya hali ya juu: mtoto aliyedhaniwa kuwa ataleta mauti ndiye aliyeombwa kuleta uhai, jamaa walimkataa nyumba moja, nchi nzima ikamfungulia mlango. Niliongeza habari za Steven Feierman, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima wenye fikra wa Usambara ameonyesha kuwa siasa ya Washambaa ilizunguka juu ya fikra mbili, kuponya nchi na kudhuru nchi. Nikasema kuwa Mbega ni mdhuru nchi kwa dhana ya jamaa zake, na mponya nchi kwa matendo yake mwenyewe. Hivyo kisa kimeishinda dhana kwa matendo. Nilikaa nikiwa nimeridhika.

Fundi cherahani alikuwa wa kwanza kulitia shaka jambo hilo. Alisema, "Umesema kisa kimeishinda dhana. Lakini yule mtoto wa mkuu wa Kilindi alikufa akiwa na nani? Alikufa akiwa na Mbega. Ningekuwa mimi ni mmoja wa jamaa wale, ningesema: Hatukuwaambia?" Hiyo ni kweli, nami sikuwa na jibu. Kisa hakimkatazi msomaji kuyasema maneno hayo. Kifo kile kimewekwa pale bila ya maelezo, na kila mmoja akitumia kwa upande wake. Kijana wa machungwa akafuata: "Na huko Usambara alipokelewa kwa nini? Kwa nyama. Basi mtu ni mzigo mpaka alete nyama?"

Kisha akasema mkunga. Mama huyu amewapokea watoto wa Handeni kwa miaka isiyopungua thelathini. Alisema: "Mwalimu, wewe wakisoma kisa kama mtu ajuaye mwisho wake. Ndiyo maana wacheka na kuita kejeli. Baba na mama wa Mbega hawakuujua mwisho. Wao walimtazama mtoto mchanga mwenye jino la juu, wakasikia nyayo za jamaa mlangoni. Pale hapana simba aliyeuawa. Hapana Vuga. Pana mtoto na jino."

Baraza likanyamaza kidogo, na zamu ikamfikia mzee mmoja ambaye katika vikao viwili nilivyomwona alikuwa akisema tu kwamba hana la kusema. Ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe. Alisema: "Mimi ni kigego. Bibi yangu, mzaa mama, alinichukua usiku akanipeleka kwa ndugu zake waliokaa kambi ya mkonge. Kule walikuwako watu wa kila nchi. Hakuna aliyeuliza meno yangu yalianzia wapi. Nimesikiliza habari za Mbega mara nyingi, na kila mara husemwa kwa ushindi, kwamba tazameni, kigego amekuwa mfalme. Mimi sikuwa Mbega. Sikuua simba. Nilikata mkonge miaka thelathini na minne. Sasa nawauliza wasomi: nilistahili kuhifadhiwa, ama bibi yangu alikosea hesabu?"

Nimekaa katika semina nyingi, nyumbani na ng'ambo, wala sikumbuki kusikia swali lililoelekezwa kwa usahihi zaidi kwenye mahali palipo na udhaifu wa hoja. Hukumu yangu ya kejeli ilianguka palepale. Nilikuwa nimemtetea aliyetupwa kwa ukuu wake. Utetezi huo ni mtamu, na fasihi imejaa visa vyake, lakini haumfai yeyote ila yule mmoja aliyefanikiwa. Wengine wote wabaki nje ya mlango, na pengine mlango wafungiwa kwa nguvu zaidi, kwa sababu sasa wameonyeshwa mfano wa mwenzao aliyeua simba.

Mwalimu wa madrasa na mwinjilisti, ambao kwa kawaida hawakubaliani, walikubaliana siku ile kwamba mtoto ni amana ya Mungu na uhai wake hauhitaji hoja nyingine. Mwenyekiti aliwashukuru, kisha akawauliza kwa upole kwamba wale waliowaua vigego nao walikuwa wakimtaja Mungu. Basi walipungukiwa na nini? Hapo niliutaja utenzi wa Ahmed Nassir wa Mombasa uitwao Mtu ni Utu, uliochapishwa mwaka 1979, ambao Kai Kresse ameuchambua katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya wenye fikra wa mji ule. Nilieleza fikra ya msingi kwamba mtu hawi mtu kwa umbo, bali kwa utu, na kwamba utu huonekana katika mwenendo na matendo mema. Mkunga aliisikiliza kwa makini, akairudia kama kanuni itakavyo, nami nikakiri kuwa ndiyo niliyosema. Ndipo akauliza: "Mtoto wa miezi minne amekwisha kutenda nini?"

Mtu aweza kudhani kuwa swali hilo laivunja fikra ya utu. Mkunga hakuivunja, aliihamisha. Alisema kwamba utu wa mtoto mchanga hautafutwi kwa mtoto. Hutafutwa kwa yule amtazamaye. Mtoto hana tendo, lakini amtazamaye ana tendo la kutenda usiku uleule, nalo ndilo litakaloonyesha kama pale pana mtu au hapana. Karani alimpinga, akasema kuwa mzazi kumhifadhi mwanawe ni maumbile tu, kama kuku na kifaranga chake, wala si utu. Mama akamjibu, "Kuku hana jamaa wamwambiao aue." Kwa maneno hayo machache alitenganisha mapenzi ya maumbile na utu: utu hudhihirika pale ambapo mila, jamaa, na hofu ya nchi nzima vimekaa upande mmoja, na mtu akakaa upande wa pili na mtoto mikononi.

Nilirudi nyumbani nikakisoma kitabu upya, na nilikisoma kwa macho mengine. Sura zote zilizotangulia kunivutia, za nyama, na simba, na kupokelewa Vuga, sasa niliziona kuwa zinaelekea mahali pamoja, nako ni kuhalalisha utawala. Si ajabu, ni habari za Wakilindi, na kila ukoo wa watawala hupenda kuonyesha kwamba nchi iliuomba ukaingia. Lakini kabla ya hayo yote limo tendo ambalo halihalalishi utawala wowote, nalo ni la watu wawili wasiomwua mtoto wao. Wao hawakupata kitu. Walikufa kabla nyama haijagawiwa. Bila ya tendo lao hapana kitabu, na mtiririko wa kisa wawapita upesi kuelekea kwa shujaa. Mhakiki anayetafuta shujaa atawapita upesi vivyo hivyo, kama nilivyowapita mimi.

Naona kitabu chenyewe chatupa dalili ya pili ya kuutilia shaka utetezi wa mafanikio, nayo imo mwishoni. Baada ya kufa kwa Kimweri ye Nyumbai, yapata mwaka 1862, wana na wajukuu wake walipigana wao kwa wao. Semboja aliyekaa Mazinde, ambayo leo imo katika wilaya ya Korogwe, alipata nguvu kwa biashara ya njia ya misafara, na katika vita vile watu wengi walitekwa wakauzwa utumwani. Wabondei waliinuka wakawafukuza Wakilindi katika nchi yao. Basi kama tukisema kuwa Mbega alistahili kuhifadhiwa kwa sababu aliiponya nchi, tutamjibu nini mtu asemaye kuwa hakustahili, kwa sababu kizazi chake kiliuza watoto wa watu? Hoja itokayo kwenye matunda hukata pande zote mbili. Ikiwa wazazi wale walifanya haki, basi haki yao ilikuwa imekwisha kamilika usiku uleule, kabla ya tunda lolote, jema au baya.

Hapa ndipo nilipolipata jina la ile shaka yangu juu ya Kusadikika. Kosa la utetezi wa Karama, kama ni kosa, si kwamba Majivuno hamjibu. Ni kwamba Karama awatetea wajumbe wake wote sita kwa hoja ya namna moja: waliiletea nchi manufaa, nayo ikawafunga. Ndiyo kweli, na udhalimu wake ni mkubwa. Lakini chukulia kuwa alikuwako mjumbe wa saba, aliyetumwa kama wenziwe, akasafiri, akataabika, akarudi mikono mitupu, naye pia akafungwa. Karama angesema nini kwa ajili yake? Siku ya saba haimo kitabuni. Simlaumu Shaaban Robert kwa hilo. Alikuwa akisema na wakubwa, na wakubwa husikia lugha ya faida kabla ya lugha nyingine. Lakini sisi tusomao leo hatuna sababu ya kuishia pale alipolazimika kuishia yeye.

Kuna jambo la njia ya utafiti ambalo nataka kuliweka wazi mbele ya wanafunzi. Mkenya Henry Odera Oruka alifanya kazi kubwa, iliyokusanywa katika kitabu cha mwaka 1990, ya kuonyesha kwamba vijijini wapo wahenga wenye kufikiri kwa uhuru na kuhoji mila za watu wao. Aliwatafuta mmoja mmoja, akawahoji, akaandika majina na maneno yao. Kazi hiyo iliwanyamazisha waliodai kuwa Mwafrika asiyesoma hana falsafa ila mila. Hata hivyo, kama mtafiti angefika Handeni kumtafuta mhenga, sijui angemchagua nani. Mkunga hakuwa na swali mpaka fundi alipolitaja windo. Mzee aliyekaa kimya hakunena mpaka mkunga alipolitaja jino. Karani ndiye aliyemlazimisha mkunga kutenga utu na maumbile. Fikra niliyoieleza hapa haikuwa ya mtu mmoja katika wao. Ilizaliwa baina yao, na lau mmoja asingefika siku ile kwa sababu ya mvua, huenda isingezaliwa.

Nawashauri basi wanafunzi wa fasihi wasiridhike na kuvisoma vitabu hivi ndani ya kuta zetu. Waende kwenye mabaraza kama hili, nayo yako mengi kuliko tudhanivyo, wasikae mbele bali wakae zamuni. Nao wahakiki wenzangu nawaomba wakitoe kitabu cha Abdallah bin Hemedi katika rafu ya historia wakisome pamoja na Kusadikika, kwa kuwa kila kimoja chaulizwa na mwenziwe swali ambalo peke yake hakijiulizi.

Yule mzee alijibiwa nini? Sitamdanganya msomaji kuwa alijibiwa kwa ufasaha. Mimi nilisema kwamba bibi yake hakukosea hesabu kwa kuwa hakupiga hesabu. Aliyafikiri maneno hayo, akasema kuwa amesikia, wala hakusema kuwa ametosheka. Kisha mwenyekiti akafunga kwa kulitaja swali lililobaki. Alisema kwamba kikao kizima tumewasema jamaa waliomkataa Mbega, na hakuna hata mmoja wetu aliyeirudia hoja yao mpaka wao wenyewe wangekiri kuwa ndiyo waliyosema. Walikuwa watu, walikuwa na watoto wao, waliogopa kitu fulani walichokiona kuwa ni kweli. Kanuni ya pili yawahusu nao. Akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kuwasemea mwezi ujao, na macho yake yakatua kwangu. Kazi hiyo nimeipokea, nami bado naiandaa.